Nilikiri Uzinzi Nisioufanya

Mlioanza nami tangu mume wangu aanguke kutoka paa la godauni pale Mamboleo mnajua tulipofika. Kwa mgeni nitasema kwa kifupi, maana hata mimi nimechoka kuyarudia.

Naitwa Dorca. Mume wangu Gordon ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alivunjika uti wa mgongo, akafanyiwa oparesheni katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Kisumu, na pale palipovunjika daktari akajaza unga wa mfupa. Alitueleza kwamba ni mfupa wa mtu aliyefia ng'ambo. Ulisagwa, ukasafishwa, ukatiwa kwenye kichupa, na ungeshikana na mfupa wa Gordon mpaka viwe kitu kimoja. Tulishukuru. Tulimshukuru hata huyo marehemu tusiyemjua.

Kidonda kilifunga, kikafunguka tena. Jioni homa, usiku jasho la kulowesha godoro, nyama zikamwisha mwilini. Tulirudi pale hospitalini tukapewa dawa, tukarudi tena tukapewa nyingine, usaha ukazidi kutoka. Mama mkwe akaja kutoka Asembo, akamtazama mwanawe. Akakodi gari akamrudisha nyumbani kwao. Wiki jana niliachia pale Mama alipofunga geti na kusema Gordon hatoki humo kwenda hospitali yoyote mpaka mimi niseme nilichofanya.

Msomaji mmoja wa Kisian, kwetu kabisa, amenitumia ujumbe akiuliza kwa nini sikupiga kelele majirani waje. Dada yangu, majirani walikuwa ndani ya boma. Walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wakinisubiri.

Kwa wasiotoka ziwani, nitawafafanulia. Huku kwetu mtu akikonda bila sababu, wazee hawaulizi amekula nini. Wanauliza ni mwiko gani umevunjwa. Hiyo ndiyo chira. Na kama mume ana kidonda, halafu mke atoke nje ya ndoa kisha arudi kumhudumia, wanasema kidonda kinakataa kufunga. Mke akikiri, wote wawili wanakunywa manyasi, dawa ya mizizi, na mgonjwa anapona. Asipokiri, mgonjwa anakufa, na kila mtu anajua ni nani amemuua.

Sasa nitazameni mimi. Mume amekonda, kidonda kimekataa, na kazi yangu ni kununua omena, wale dagaa wa ziwani, kwa wavuvi wa Asembo Bay na kuziuza Mamboleo. Nani hajui habari ya jaboya? Mvuvi anampa mwanamke samaki wa kwanza kutoka botini, na mwanamke anamlipa kwa mwili wake. Wapo, sitadanganya kwamba hawapo. Lakini mimi omena zangu nililipa kwa pesa, na kama mgongo uliniuma ni kwa kubeba magunia.

Sikumchukia Mama. Leo naweza kusema hivyo, siku ile nisingeweza. Alikuwa ameshazika wana wawili waliokonda vivyo hivyo, na hakuna hospitali iliyomwambia la maana juu ya yeyote kati yao. Gordon ndiye aliyebaki. Alimlisha uji kwa kijiko, akikipuliza kila kijiko, mtu mzima mwenye ndevu. Aliogopa kuliko mimi, na mimi niliogopa kweli.

Asubuhi ile niliingia kumbadilisha bandeji. Usaha ulikuwa umepita mpaka kwenye shuka. Nikamwambia akunje vidole vya mguu wa kushoto, nione.

"Tayari," akasema.

Nilivitazama vidole vile. Havikuwa vimesonga hata kidogo.

Nikatoka nje nikamwambia Mama kwamba miguu inaondoka, na tukiendelea kukaa hapa tutachimba kaburi. Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua uso. Ananiita binti wa Kisian, jina la nilikozaliwa, kama wake wote wa boma lile wanavyoitwa.

"Nyar Kisian, sema ukweli," akasema. "Ukisema, gari iko hapo barabarani. Nitamfungulia geti mimi mwenyewe."

Ukweli nilikuwa nimeusema mpaka koo likakauka. Sijatoka nje, sijaguswa na mtu, niapisheni kwa lolote mtakalo. Ukweli ulishindwa kufungua lile geti, nalo ni geti alilolichomelea Gordon kwa mikono yake. Nikaamua kujaribu uongo.

Nikaenda pale kwenye viti. Baba mdogo wa Gordon, mzee mpole ambaye sijawahi kumsikia akigomba, akaniambia mficha uchi hazai. Nikamjibu kwamba sifichi tena. Nimekosea. Nilitoka nje ya ndoa na bado nikawa namshika mume wangu na kidonda chake.

Mama akafunika uso kwa leso. Nikasema moyoni, haya, yamekwisha, leteni hiyo mizizi tunywe twende.

"Na nani?" Baba mdogo akauliza.

Jamani, hapo sikuwa nimefikiria. Nilidhani kosa lenyewe linatosha. Akanieleza polepole kwamba kukiri bila jina si kukiri. Mwanamume lazima aulizwe naye akubali kwa kinywa chake, la sivyo manyasi hayafanyi kazi.

Nikatafuta jina kichwani huku macho yote yakiwa juu yangu. Nikitaja mtu wa mbali atakataa, na ni haki yake. Nikitaja marehemu, nani atamuuliza? Nilihitaji mwanamume anayempenda Gordon kiasi cha kujipaka tope kwa ajili yake. Nilimjua mmoja tu.

"Oluoch," nikasema.

Oluoch ni binamu ya Gordon, walilelewa jiko moja. Ana boti yake Asembo Bay, na ndiye anayeniuzia omena. Gordon mwenyewe ndiye aliyenituma kwake tulipooana, akisema huyo hatakupunja. Jina lilipotoka hakuna aliyeshtuka. Walikuwa wameshamfikiria kabla yangu, na hilo liliniuma mahali ambapo hata leo nikipagusa panauma.

Niliomba nimpigie simu mwenyewe. Mama akaninyang'anya simu. Baba mdogo akapiga ya kwake, akafungua spika, akaiweka juu ya kigoda tusikie wote. Oluoch alikuwa majini, tulisikia injini ya boti. Mzee hakumsalimia hata. Akamwambia ndugu yako anakata roho, mke wake amesema, na amekutaja wewe. Ni hivyo, au sivyo?

Injini ikazimwa. Nilimwomba Mungu amfanye akubali, na nikamwomba Mungu amfanye akatae, yote kwa pumzi moja.

"Ndiyo, Baba," Oluoch akasema. "Ni kweli. Mpeni dawa."

Dirisha la chumba alicholala Gordon lilikuwa wazi. Hilo nalo sikuwa nimelifikiria.

Tulikunywa manyasi kutoka kibuyu kimoja, Gordon kwanza, mimi baadaye. Aliyanywa ya kwake bila kukunja uso, akanitazama juu ya ukingo wa kibuyu. Mama akanirudishia simu, akafungua geti kama alivyoahidi. Yule mama ana mengi, lakini akisema jambo analitimiza.

Njiani kuja Kisumu kichwa cha Gordon kilikuwa mapajani mwangu, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kukiweka. Nikamwinamia sikioni nikamwambia, Baba Debra, nilidanganya ili watuachie, usiyaweke moyoni. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Nilidhani amelala. Hakuwa amelala.

Sikumrudisha hospitali ile ya kwanza. Nilimpeleka hospitali ya umma, na huko tukampata Daktari Naeema, mwanamke aliyezaliwa hapa hapa mjini, wa sauti ya chini, mwenye kusikiliza. Alifungua bandeji, akauliza kama kuna mtu nyumbani anayekohoa. Hakuna. Gordon mwenyewe amewahi kuugua kifua kikuu? Hajawahi. Akauliza walimwekea nini mgongoni. Nilipotaja unga wa mfupa, mikono yake ikasimama.

Walimfungua tena wakaosha ndani, wakapeleka usaha maabara. Majibu yalipokuja Daktari aliniita pembeni, akanitafutia kiti. Ukiona daktari anakutafutia kiti, jua yamefika.

"Mama Debra, mumeo ana kifua kikuu," akasema. "Lakini hakiko kifuani. Kiko kwenye uti wa mgongo, pale pale walipoweka ule unga."

Nikamuuliza kiliingiaje huko. Akanieleza polepole, kama anayejua kwamba nitalazimika kuyarudia maneno hayo mbele ya watu. Yule marehemu wa ng'ambo alikuwa na kifua kikuu na hakuna aliyegundua. Walipousafisha mfupa wake, wadudu wa ugonjwa hawakufa. Gordon hakuwa peke yake. Wagonjwa wengine waliotiwa unga wa mfupa huo huo walikuwa wameanza kujitokeza, na mmoja wao, mama mwenye watoto, alikuwa ameshafariki. Ugonjwa ulikuwa ndani ya mume wangu tangu siku aliyoshonwa.

"Tangu siku ile?" nikauliza.

"Tangu siku ile."

"Kwa hivyo si mimi."

Hakunielewa. Angenielewaje? "Wewe?" akasema. "Wewe unaingiaje hapa?"

Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka sista akachungulia mlangoni, kisha kicheko kikageuka, nikalia kwa sauti ambayo sikuwa nimelia nayo hata siku alipoanguka. Daktari akanishika bega akangoja nimalize.

Nilipomaliza akaniambia lile ambalo lilimfanya anitafutie kiti. Miguu inaweza kurudi. Gordon anaweza kupona kabisa. Lakini dawa ni za kila siku, kwa miezi mingi, na lazima mtu awepo wa kumwona akimeza. Akiziacha, ugonjwa utakula mfupa, miguu itatangulia, na yeye atafuata.

Nikasema hilo ni jambo dogo, mtu huyo ni mimi.

Nikampigia Mama simu kwa furaha, niseme kweli, na kwa kiburi kidogo. Nilitaka aone haya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ameelewa, kulikuwa na mfupa wa maiti. Lakini kitu kama hicho hulala tu, hakiamki mpaka mtu akifungulie mlango, na wazee walisikia kwa kinywa changu ni nani aliyeufungua. Nikamuuliza, na hao wagonjwa wengine je, Mama?

"Hao wana wake zao," akasema.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nikajipa moyo kwamba Mama si kitu, mwenye kuniamini ni Gordon.

Daktari Naeema alimweleza Gordon mwenyewe, mimi nikiwa hapo. Aliuliza maswali ya maana, fundi ni fundi, akataka kujua unga ulishikana wapi na wapi na ni vipi wameutoa. Daktari alipoondoka nikakaa kitandani kwake nikamshika mkono. Nikamuuliza kama amesikia.

Alisema amesikia na ameamini. Kisha akautoa mkono wake taratibu kwenye wangu.

"Ya mfupa yameisha," akasema. "Sasa niambie ya Oluoch."

Nilimweleza yote. Vidole ambavyo havikusonga, geti, viti vya plastiki, Baba mdogo na swali lake. Hakunikatiza. Mwisho akaniambia kwamba mimi labda nilidanganya ili nimtoe, hilo anaweza kulimeza. Lakini Oluoch hakuviona vidole vile. Oluoch hakujua kuwa geti limefungwa. Yeye alidanganya kwa nini? Nikamwambia amuulize mwenyewe.

Nikampigia Oluoch simu, akaja siku hiyo hiyo, bado amevaa gambuti za botini, ananuka petroli na samaki. Alikuwa amekonda naye. Hapo ndipo nilipojua kwamba mke wake, Bridget, alibeba watoto akarudi kwao jioni ile ile ya simu. Wasomaji, Bridget sikuwa nimemfikiria hata mara moja. Tulikaa kwenye benchi nje ya wodi nikamuuliza kwa nini alikubali.

"Waliniambia Gordon anakufa na limebaki neno langu," akasema. "Shemeji, ulitaka nijibu nini? Niseme mimi msafi, halafu nimzike ndugu yangu nikiwa msafi?"

Nilimwomba msamaha kwa ajili ya Bridget na watoto, akatikisa kichwa tu. Tukakubaliana aingie aseme hivyo hivyo alivyoniambia, bila kuongeza. Tukainuka tukaingia.

Tuliingia pamoja. Nilitambua kosa hilo katikati ya wodi, nilipomwona Gordon akitutazama tukija, bega kwa bega, wote wawili macho mekundu. Nilitaka kurudi nyuma, lakini kurudi nyuma kungekuwa kubaya zaidi. Nikaendelea kutembea.

"Omera," Oluoch akasema, yaani ndugu yangu, "mke wako sijawahi kumgusa. Nilidanganya wazee."

"Na yeye alidanganya."

"Ndiyo."

"Mlipanga lini?"

Hatukupanga, nikasema. Hatukupanga, Oluoch naye akasema. Tulisema kwa wakati mmoja.

Gordon alitutazama mmoja mmoja. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo, hasira ya mume wangu naijua inavyokwenda na inavyorudi.

"Hamkupanga," akasema. "Mmoja yuko nyumbani, mwingine yuko ziwani. Hamjaongea. Mkaulizwa, mkasema neno moja. Dorca, hiyo inaitwa nini kama si ukweli?"

Tangu binti yetu Debra azaliwe hakuwa ameniita Dorca.

Nimelifikiria swali lile kila siku tangu hapo, nikiosha vyombo, nikipima omena. Mwenye jibu na aniletee, nitampa hata mbuzi.

Sista akapita na vidonge vya Gordon. Nikavipokea kama nilivyokuwa nikivipokea kila siku, nikamsogezea na kikombe cha maji. Akafunga mdomo. Nikamwambia ameze, anichukie akiwa mzima. Hakufungua. Oluoch akachukua kikombe akajaribu yeye, na Gordon akakipiga kwa kiganja, maji yakamwagikia shuka. Akageukia ukutani. Kugeuka kulimchukua muda mrefu kwa ajili ya ule mgongo, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumsaidia.

Kesho yake hivyo hivyo. Sista akijaribu, anashukuru na kuvirudisha. Daktari Naeema akaja akakaa naye, akamweleza tena kinachokuja, miguu kwanza. Gordon akamjibu kwa heshima kwamba ameelewa, ila mtu anayekula dawa anataka kupona arudi kwa nani? Daktari akamuuliza kama kuna mkono wowote duniani ambao angekubali kumezeshwa nao.

"Wa mamangu," akasema.

Daktari akanitazama kwa matumaini. Nilikuwa sijamwambia habari ya geti. Ningeanzia wapi?

Nikatoka kwenye korido nikapiga simu. Nilipiga magoti pale sakafuni, mimi ambaye hata kanisani naona taabu kupiga magoti, watu wakinipita na mabeseni yao. Nikamwambia Mama kwamba ameshinda. Nitakubali lolote analosema juu yangu, nitalisema tena mbele ya yeyote, nitaondoka Gordon asiione sura yangu. Aje tu. Aje na mkono wake amwekee mtoto wake dawa mdomoni, kila siku, asiruke. Nikamwambia habari ya miguu. Nikamwambia habari ya yule mama mwenye watoto aliyekwisha kufa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Mwambie mwanangu ninakuja," akasema.

Nikamwambia asante, Mama. Machozi yalikuwa yananiingia mdomoni.

"Na umwambie asimeze kitu chochote cha hapo mpaka nifike," akasema. "Ninakuja na gari. Ninakuja kumrudisha nyumbani."